Msumeno wa Baba Mkwe

Muuzaji alivuta kamba, msumeno ukakohoa. Akavuta tena, ukawaka kwa kelele zilizowatawanya kuku wa jirani, kila mmoja njia yake. Sindano, fundi cherehani, aliziba masikio. Baba mkwe wake hakuziba. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akafumba macho kama daktari anayepima homa, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mzee wangu, mimi sikufichi," muuzaji alisema baada ya kuuzima. "Kwa bei hii hupati msumeno wa mnyororo mzuri kuliko huu. Ila haujarekebishwa. Kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, iko vilevile ilivyotoka kwenye boksi. Ukianza kukatia kuni hivihivi, utaua injini."

"Ndiyo," mzee akasema.

"Sasa una fundi wa kukurekebishia?"

"Ndiyo, ndiyo."

Sindano aliona muuzaji anakunja uso, akaingilia kati. Alieleza kwamba fundi ndiye huyuhuyu, amefanya kazi kiwanda cha mbao tangu hajaota ndevu mpaka zikawa nyeupe, na huko kiwandani walimwita Sikio, maana mashine ikianza kuumwa yeye aliisikia kabla mwendeshaji wake hajajua. Muuzaji alimtazama mzee kwa heshima mpya, akawafungia msumeno kwenye gunia.

Walirudi nyumbani, Sindano mbele na gunia begani. Moyo wake haukuwa umetulia. Jana alikuwa na cherehani mbili, leo ana moja; ya pili ndiyo hii iliyogeuka msumeno. Mke wake alikuwa anaoka mikate katika tanuri la kuni nyuma ya nyumba, na mikate hiyo ndiyo iliyowalisha wote. Mleta kuni alikuwa amehama bila kuaga, na kuni zilizobaki zilitosha kuokea mara moja tu. Bahati ilikuwa moja: upepo ulikuwa umeangusha mkaratusi mkubwa kwenye kiwanja cha nyuma. Mwenye kiwanja alisema chukueni, ila kesho mafundi wangu wanakuja kuchimba msingi, nikikuta gogo bado lipo nawapa wachoma mkaa. Kwa shoka, gogo lile lingewatoa roho kabla halijaisha. Kwa hiyo msumeno ukifa leo, tanuri linazimika, na cherehani itakuwa imeliwa bure.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Sindano hakumwambia mtu. Kukaa ukweni si mchezo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye jembe lenyewe hakuwahi kupewa. Tangu ahamie nyumba ile, baba mkwe alikuwa hajamwambia neno la maana. Ukimsimulia kisa anakujibu "sawa" kabla kisa hakijafika katikati. Ukimuuliza swali anakuambia "ndiyo" na kugeukia pembeni. Sindano alikwisha kuamua kwamba mzee anamdharau, kwa sababu mwanamume gani huyu anashinda ameinamia magauni ya watu. Alitaka leo wafanye kazi pamoja, bega kwa bega, na mwisho wake aambiwe hata "umefanya vizuri, mwanangu". Hilo tu.

Uani, mzee alichanganya petroli na oili katika dumu, akalitikisa, akajaza tangi. Mikono yake haikuwa na wasiwasi wowote. Aliwasha msumeno, akauweka juu ya kisiki, akachukua bisibisi ndogo na kuiingiza kwenye tundu la kabureta.

Mwanzoni msumeno ulikuwa unakoroma na kutoa moshi. Mzee alikaza skrubu kidogo, akapiga resi, injini ikazunguka kwa kasi. Mkoromo ukapungua. Akakaza tena, akapiga resi, kiganja chake cha kushoto kikiwa kimelala juu ya mashine. Sauti ikapanda. Akakaza tena. Sasa msumeno ulikuwa unalia kwa sauti nyembamba, kali, iliyomwingia Sindano mpaka kwenye meno.

Sindano hakujua lolote la kabureta. Lakini alijua mashine inayofanya kazi na mashine inayoteseka. Cherehani ikikosa mafuta hulia hivyo hivyo, sauti ya juu isiyo na nyama, na usiposimama inakata uzi au inakwama kabisa. Alimtazama mzee usoni akitegemea kuona dalili ya mashaka. Mzee alikuwa ameridhika. Tena alikuwa anatabasamu.

"Baba," Sindano akasema kwa upole, "si unalia sana?"

Mzee hakugeuka. Alichomoa bisibisi, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfukoni.

Uso wa Sindano ukapata moto. Mkewe, aliyekuwa anakanda unga kwenye meza ya jikoni, alimwita dirishani. "Mume wangu, nakuomba," alimwambia. "Baba usimbishie kwenye mashine. Mambo mengine yote atakusamehe."

"Hata hakunijibu."

"Basi ndiyo jibu lenyewe hilo."

Walitoka hadi kiwanja cha nyuma. Mkaratusi ulikuwa umelala juu ya matawi yake yaliyovunjika, shina likiwa limenyanyuka kutoka ardhini usawa wa goti. Upande mmoja kulikuwa na ukuta, kwa hiyo ilibidi kusimama upande ulioteremka. Mzee alilizunguka gogo, akaligonga kwa mguu, akamwonyesha Sindano mahali pa kusimama, mbali kidogo, na kazi yake: kuvuta vipande vilivyokatwa.

"Gogo lina adabu," mzee alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyowahi kumwambia. "Haligeuki bila kusema. Kwanza litapasuka ndani, *ka*, halafu ndiyo liende. Ukisikia tu, unatoka."

Msumeno ukaanza kula. Matawi membamba yalianguka moja baada ya jingine, na Sindano alivuta na kupanga, jasho likimtiririka. Lakini kila mzee alipoinua msumeno kutoka kwenye mti, kilio kile kilipanda tena, chembamba kuliko mwanzo. Ilikuja harufu ya chuma kilichochemka. Kisha injini ikazima yenyewe.

Mzee alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Sindano aliwaza cherehani, akawaza tanuri, akamwaza mkewe na unga uliokwisha kuumuka. Mzee alikaa kwenye tawi, akaulaza msumeno magotini upoe, akachukua tupa na kuanza kunoa meno ya mnyororo, mgongo wake ukimwelekea Sindano.

"Baba, huu msumeno unaungua," Sindano alisema.

Tupa iliendelea: kwichi, kwichi.

"Baba, nakuomba uulegeze kidogo."

Kwichi, kwichi. Hapo hasira zikampanda. Hata mbwa wa nyumbani ukimwita hugeuza sikio. Kisha kitu kikamgusa akilini, kitu alichokiogopa hata kabla hakijapata jina. Alisogea hatua chache, akasimama nyuma kabisa ya mzee na kusema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mezani: "Baba, nyumba inaungua moto. Mwanao yumo ndani."

Mzee alipuliza vumbi la chuma kwenye jino la mnyororo, akahamia jino linalofuata.

Sindano aliona haya kwa maneno aliyoyatamka. Mambo yakaanza kumjia kwa mfululizo. Redio ambayo mzee huifungulia sauti mpaka majirani wanalalamika. Jinsi anavyochagua kiti kinachotazamana na watu wote. Jinsi anavyoangalia midomo, siyo macho. "Ndiyo" zake na "sawa" zake. Miaka na miaka kando ya misumeno mikubwa ya kiwandani ilikuwa imemla masikio, na mtu aliyepewa jina la Sikio ataanzia wapi kusema hasikii? Alikuwa anarekebisha injini kwa kiganja. Ilipotulia mkononi alidhani imepona, kumbe kilio chenyewe kilikuwa juu, mahali ambapo masikio yake hayakufika tena.

Wazo la pili lilimpiga kwa nguvu zaidi. Gogo lina adabu, haligeuki bila kusema. Litasema na nani?

Alipozunguka ili asimame mbele ya mzee, msumeno ulikuwa umekwisha kuwaka. Mzee aliinuka na kuusogeza moja kwa moja kwenye tawi nene lililokuwa limebeba uzito wa shina lote. Sindano alipunga mkono. Mzee, ameinama, hakuona. Na Sindano, Mungu amsamehe, alisita. Alisita kwa sababu ya adabu. Unamwendeaje baba wa mkeo ukamwambia wewe ni kiziwi, tena mbele ya kazi yake?

*Ka.*

Sauti ilitoka ndani ya mti, kavu, fupi. Msumeno uliendelea kulia. Mzee hakuinua kichwa.

"Baba, toka!" Koo lilimpasuka Sindano kwa ukelele ule. Shina lilitikisika. Mkaratusi ulianza kugeuka polepole kuelekea alikosimama mzee, na mzee alikuwa anautazama mnyororo wake tu, kwa ustadi wake wote.

Hakuna mkwe anayemgusa baba mkwe namna ile. Sindano alimrukia kwa nyuma, akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka chali, mmoja juu ya mwingine, wakabingirika kwenye vumbi la mbao. Msumeno ulimtoka mzee mikononi, mnyororo ukasimama, injini ikabaki inanguruma kwenye majani. Shina lilipita. Lilipita mahali palepale miguu ilipokuwa, likavunja matawi yake lenyewe, likatua kwa kishindo ambacho mzee alikisikia, kama si kwa masikio basi kwa mgongo.

Mzee aliinuka na mkono juu, tayari kupiga. "Umenishika mkanda," alisema. "Mimi, wewe, umenishika..." Kisha akaliona gogo. Aliliangalia lilipo, akaangalia alipokuwa amesimama. Mkono ukashuka wenyewe.

"Lilisema?" aliuliza.

Sindano aliitikia kwa kichwa.

"Na wewe uliniita?"

"Nilikuita, baba."

Mzee alikaa chini. Alionekana mdogo kuliko asubuhi, na Sindano alimhurumia. "Tangu lini unajua?"

"Sasa hivi tu."

"Binti yangu hajui. Akijua atanikalisha kwenye kiti nilishwe uji." Alijifuta uso kwa kiganja chenye oili, akaongeza, taratibu: "Sikuona aibu kuzeeka. Niliona aibu ya hili. Na nusura nikufanye umzike mtu leo."

Msumeno ulikuwa bado unanguruma kwenye majani. Mzee aliutazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile bisibisi na kumwekea Sindano kiganjani.

"Unasemaje huo?" aliuliza.

"Ukipigwa resi unalia juu sana. Kama cherehani isiyo na mafuta."

"Basi unakula hewa tupu, petroli haiufikii vya kutosha. Mimi ndiye niliyeubana." Alimwonyesha skrubu ya kuigusa. "Legeza. Kidogo tu, upana wa ukucha. Piga resi. Sasa?"

"Bado unalia."

"Tena."

Sindano alikuwa mtu wa sindano na uzi, na kosa moja hapa lingemaliza alichobakiwa nacho. Alilegeza, akapiga resi. Sauti ilishuka, ikapata nyama. Akalegeza tena, na katikati ya mlio akasikia kigugumizi, kama mtu anayetaka kucheka na chakula mdomoni.

"Unagugumia," alisema, akimtazama mzee ili midomo yake ionekane.

"Ukiwa hewani tu? Haya, uingize kwenye mti."

Sindano aliuinua, mzee akaishika mikono yake juu ya mshikio na kumwelekeza namna ya kusimama. Meno yalipouma mti, kigugumizi kilikwisha na msumeno ukaimba sauti moja nene, iliyonyooka. Alipoutoa, ukagugumia tena.

"Umekoma kugugumia ulipokuwa unakata?"

"Umekoma."

"Basi umepona; hewani uache ugugumie. Uzime."

Gogo lilikuwa sasa limelala chini kabisa, halina pa kwenda. Walikaa juu yake, wakitazamana, maana Sindano alikwisha kujua kwamba na mtu huyu lazima mtazamane. Kuna swali lilikuwa limemkaba tangu pale kwenye tupa, na aliona asipolitoa leo atalala nalo maisha.

"Baba, siku nilipokuja kuposa," alisema, polepole. "Niliongea kwa muda mrefu. Nilihangaika na yale maneno wiki nzima. Wewe ulisema 'sawa'. Uliyasikia?"

Mzee alimtazama mdomoni mpaka akamaliza.

"Hata moja," akajibu. "Watu walijaa chumbani, kila mtu anaongea. Niliona jasho linakutoka. Nikamtazama binti yangu mlangoni, jinsi alivyokuwa anakutazama wewe. Nikasema sawa."

Sindano alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, hilo akalizuia kwa shida. Kumbe siku zote hizo za kudharauliwa alikuwa anajidharau mwenyewe.

"Nimekuwa nakwepa kukuuliza," mzee aliendelea. "Nimeishi na wewe nyumba moja, sijui hata sauti yako ikoje. Ulisema nini siku ile?"

"Mambo mengi, baba."

"Gogo hili haliendi popote. Nitazame, sema."

Sindano alipangusa vumbi la mbao midomoni, akageuza uso wake wote kumwelekea baba mkwe, akaanza upya, tangu salamu.