Kurekodi Chumbani kwa Fundi Sofa

Asubuhi hiyo Fundi Sofa alikuwa amekwisha kupanga sponji za wateja wake kwenye kuta zote nne za chumba cha kulala, na kitanda kakisimamisha wima kule nje. Mkewe alipita na ndoo, akasimama kidogo.

"Mwenye makochi akija nimwambieje?"

"Mwambie yanapigwa hewa."

"Makubwa haya!" Lakini alicheka, akaenda kuleta soksi yake nyembamba waivalishe maikrofoni, maana mwimbaji akipumua kwa nguvu kompyuta ilikuwa inarekodi upepo mtupu.

Mwimbaji ni dada yake Fundi, wa tumbo moja. Alikuwa akifua mashuka hospitalini mpaka kazi ile ikapewa kampuni, na kampuni ikaleta mashine na watu wake. Ameimba na bendi hii, Fundi akipiga gitaa, tangu hana mtoto hata mmoja, kumbi zote za harusi wanamjua, na hakuna kanda yake hata moja, kwa sababu studio za mjini zinachaji kwa saa kama wakili. Sasa jioni gari la wakala linamfuata. Anakwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili, pasipoti anashika tajiri. Watoto wanabaki kwa mjomba wao. Bendi ilichanga ikanunua kompyuta ya mitumba, programu wakapata ya bure, na wiki nzima wamehangaika kwa ajili ya siku hii moja.

Vyombo walikwisha kuvirekodi, kila mtu peke yake, kwa kufuata mdundo wa mashine, ti, ti, ti. Kinyozi, mpiga ngoma, alijisifu sana. Bonge, mpiga besi, alisema hata redioni hawapigi hivyo. Kilichobaki ni sauti tu.

Dada akavaa spika za masikioni, akafumba macho, akaanza. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kilipofika, yeye akakimbia mbele, muziki ukabaki nyuma. Wakarudia. Akapotea tena. Mara ya tatu akazivua.

"Huyu anayepiga humu ndani ni nani?"

"Sisi, dada."

"Si nyinyi. Nyinyi mnanisubiri. Huyu hanisubiri."

Wakatazamana. Miaka yote walidhani mwendo anashika Kinyozi. Kumbe wote, Kinyozi akiwemo, walikuwa wakitazama mabega ya dada: akiyainua wanakaza, akiyashusha wanapoa. Kazi ya wiki nzima ilikuwa bure. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Basi tupige wote pamoja, kama ukumbini," alisema Bonge.

Wakapiga. Haukupita muda mlango ukagongwa. Alikuwa afisa wa manispaa, kitambulisho shingoni, macho tayari yanatembea chumbani.

"Studio hii. Kibali kiko wapi?"

"Hiki chumba cha kulala, mkubwa."

"Kitanda kiko nje. Na haya masponji?"

"Mimi fundi wa makochi."

"Na hii ngoma nayo ni kochi?" Afisa alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Sikilizeni, tusaidiane. Nyinyi mnajua namna ya kuongea na watu."

Fundi alijua. Ila mfukoni hakuwa na kitu cha kuongea nacho, na alimwambia hivyo waziwazi. Uso wa afisa ukabadilika.

"Sawa. Nipo hapo dukani nakunywa soda. Nikisikia gitaa, besi au ngoma, kompyuta hii naondoka nayo."

Alipotoka, Kinyozi alitukana mpaka mke wa Fundi akamziba mdomo kwa kanga. Bonge akakaa chini. Fundi alitaka kulia na hakuona sababu ya kuficha. Akajifuta machozi kwa kipande cha sponji.

Dada ndiye aliyesema. "Amekataza vyombo. Mimi hakunitaja." Akamtazama mdogo wake. "Chomoa waya. Pigeni vidole tu, bila sauti. Mimi nataka kuwaona."

Wakajipanga mbele yake kama ukumbini. Besi na gitaa bila umeme. Kinyozi akaweka sponji mapajani, akapiga kwa viganja vitupu. Fundi akabonyeza kitufe chekundu. Dada akainua mabega, akaimba, nao wakamfuata kimyakimya, jasho linawatoka, Bonge anatikisa kichwa utadhani ukumbi umejaa. Akaimba nyimbo zote walizopanga, bila kurudia hata moja. Dukani afisa alisikia mwanamke anaimba nyumbani, na hilo bado halijawekewa kibali.

Jioni gari likaja. Wakala hakuzima hata injini. Alitaka pasipoti kwanza, ndipo akafungua mlango. Watoto walimng'ang'ania mama yao nguo mpaka mke wa Fundi akawabandua mmojammoja. Fundi alibeba begi, akainama dirishani.

"Sauti yako tunayo, dada. Vyombo tutavipiga juu yake, polepole, hata mwezi mzima. Wewe umetangulia tu, sisi tutakufuata."

Dada akamshika mkono, akaubana.

"Nifuateni kwa magitaa," alisema. "Ninakokwenda msije."