Mke wa Sonara Hana Pete

Mtaa mzima wa maduka hakuna mwanamke aliyevaa vito vingi kama mke wa sonara, na hakuna aliyekuwa navyo vichache kama yeye. Kila asubuhi alifungua kabati la kioo, akachagua hereni, mkufu na bangili, akavaa, akakaa nyuma ya kaunta anang'aa. Mteja akiingia na kusema hereni zile amezipenda, basi sonara, bila hata kumtazama mkewe usoni, alitaja bei. Hereni zikavuliwa, zikafutwa kwa kitambaa, zikafungwa, zikaenda zao. Kitu kilichovaliwa huuzika upesi kuliko kilicholala kwenye kijisanduku, hilo kila sonara analijua. Huyu wetu alilijua kupita kiasi.

Hata pete ya ndoa haikusalimika. Ile ya kwanza iliuzwa mwaka wa pili wa ndoa, kwa mama mmoja mwenye haraka na pesa taslimu. Sonara alimwambia mkewe atampa nyingine, na kweli alimpa: alimsogezea trei, mke akajaribu moja moja mpaka akapata inayoingia. Hiyo nayo ikapendwa. Miaka thelathini kasoro wiki tatu, mama wa watu alikuwa ameshavaa pete za ndoa saba kwa mume yuleyule mmoja, na mashoga zake walimtania kwamba ameolewa kuwapita wote.

Ya saba iliondoka Jumatatu. Bibi mmoja aliyekuja kubadilisha betri ya saa tu aliiona, akaulizia, sonara akajibu bei. Mke aliivua kwa maji ya sabuni maana ilikuwa inambana, akaifunga vizuri, akamfungulia bibi mlango. Kesho yake alikuja kazini vivi hivi: masikio matupu, shingo tupu, vidole kumi vyote vitupu. Sonara alimsogezea trei. Mke akairudisha kabatini na kusema, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi iko wapi:

"Mimi vya dukani sivai tena, baba watoto. Sina hasira. Nimechoka tu kuwa dirisha la duka."

Angegomba, sonara angejua la kufanya, maana kuvutana na watu ndiyo kazi yake ya kila siku. Lakini mke hakugomba. Alipika kama kawaida, alicheka kama kawaida, na kila asubuhi alikaa kaunta hana kitu mwilini, mpaka wateja wakaanza kumpa pole wakidhani amefiwa. Sonara alijibu pole hizo kwa kukohoa. Moyoni aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga: mwanamke aliyeacha kutaka kitu kwako ana muda mfupi tu kabla ya kuacha kutaka na mengine.

Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mfanyabiashara ambaye duka lake kichwani halifungwi. Akapania, siku ya kutimiza miaka thelathini, ampe mkewe pete ya almasi iliyo yake kabisa. Tatizo ni kwamba kila jiwe la dukani mke alilijua. Yeye ndiye aliyeyaosha, yeye ndiye aliyeandika lebo, na lenye mkwaruzo alilitambua akiwa mlangoni. Umpe kipi cha dukani asijue kimetoka trei gani? Na kununua kwa sonara mwenzake wa ng'ambo ya barabara, heri afe. Yule angelisimulia jambo hilo mpaka kwa askari wa barabarani.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo aliyoitukana tangu asubuhi hadi jioni. Juu ya kaunta yake kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa herufi nyekundu: MTANDAONI UNANUNUA PICHA, HAPA UNANUNUA JIWE. Chini ya kibao hicho vijana wengi walikuwa wamehubiriwa mpaka wakaomba maji.

Basi mzee mzima akaanza kujifungia chooni na simu. Siku ya kwanza aliingia kwa dharau tu, aone hao matapeli wanauzaje. Akakuta almasi elfu nne. Yeye trei yake ilikuwa na kumi na tisa. Kila jiwe lilikuwa na cheti chenye namba, na video yake likizungushwa taratibu kwenye mwanga, unalivuta karibu mpaka unaliona tumboni. Alitafuta kasoro kwa moyo wote. Alizipata pia, mawe mengine yalikuwa yamekatwa hovyo, yana kina kama sufuria. Lakini mengine, jamani, yalikuwa mazuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Alimwandikia msaidizi wa duka kuuliza kama jiwe fulani lina ukungu pembeni. Msaidizi akajibu papo hapo: asante kwa swali lako zuri, mpendwa. Sonara hakuwahi kuitwa mpendwa na muuza almasi. Akauliza tena, akaitwa mpendwa tena, ukungu haukujibiwa. Mwishowe, mtu yule ambaye mteja akimuuliza bei ya mwisho hukunja uso wiki nzima, aliandika kwa vidole vyake mwenyewe: bei ya mwisho ngapi? Akaambiwa bei ni hiyo hiyo, mpendwa.

Nje ya choo mke alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi. Siku ya tatu aligonga mlango akamwachia dawa ya tumbo kizingitini. Sonara aliinywa, afanyeje.

Siku ya tano alipata jiwe lake: dogo, la duara, jeupe kama maji, limekatwa na mtu anayejua kazi. Akabonyeza kununua. Simu ikamuuliza saizi ya kidole, na hapo akakwama. Sonara huyu alipima vidole ishirini kwa siku. Alikumbuka kidole cha mke wa daktari wa meno, alikumbuka cha mwalimu mkuu aliyehama zamani. Cha mkewe hakukijua, kwa sababu hakuwahi kukipima tangu wiki ya harusi. Siku zote palikuwa na trei, na mke alijaribu mwenyewe. Akaandika ile ya harusi, kumi na mbili. Akajiambia kidole ni mfupa, na mfupa hauna pa kwenda.

Mzigo uliahidiwa kufika Ijumaa, siku ambayo mke huenda benki. Ukafika Jumatano.

Siku hiyo dukani kulikuwa na kijana mmoja anayetaka kuposa. Alikuja na karatasi yenye saizi ya mchumba wake na simu yenye picha ya pete, akauliza kwa adabu kwa nini ile ya kwenye simu ni nafuu kwa theluthi nzima. Sonara alipanda mimbari. Alimwonyesha kibao. Alimweleza kwamba simu haina jicho, haimshiki mtu mkono, na jiwe likilegea haitakwambia kaa hapo nilikaze. Alisema mwenye akili hanunui almasi kwa mtu asiyemjua sura. Kijana alikuwa ameshaanza kukubali pale mwendesha pikipiki alipoingia na kofia yake kichwani, akaweka kiboksi juu ya kaunta, akaomba sahihi. Kiboksi kilikuwa cha buluu, na kimechorwa almasi kubwa ya dhahabu yenye mabawa. Kijana akaitazama almasi yenye mabawa. Akaitazama simu yake. Ilikuwa ileile.

Mke ndiye aliyetia sahihi. Mwendesha pikipiki akaenda zake. Kijana, kwa heshima zote, aliinua macho akakisoma kibao chote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akainamisha uso akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Hapakuwa na pa kukimbilia, choo chenyewe kilikuwa upande wa mke. Sonara akasema ukweli wote kwa mkupuo mmoja: kwamba ni ya kwake mke, ya miaka thelathini, kwamba hakutaka kumpa kilichotoka trei, na kwamba lile tumbo halikuwa tumbo. Mke alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua kiboksi, akachukua kioo cha kukuzia, akaweka jiwe jichoni, akalizungusha upande huu na huu kama anavyofanya kwa mawe ya wauzaji wanaopita. Sonara alisimama akisubiri, yeye mwenye kusubiriwa siku zote.

Mke alisema jiwe ni zuri, na kwamba kama angechagua hivi mawe ya dukani wangekuwa matajiri. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile sonara hakuwa ameliona tangu ile Jumatatu. Akaivaa. Pete ikateleza vizuri mpaka kwenye kifundo cha kidole, ikasimama. Akaisukuma. Haikwenda.

"Umeandika saizi gani?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni ya yule msichana uliyemuoa," mke alisema. "Mimi nimezaa watoto watatu, na nimeosha vito vyako miaka thelathini."

Tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Sonara alinyoosha mkono haraka, akasema si neno, ampe, ni kazi ya saa moja tu, ataipanua sasa hivi pale kwenye meza yake ya kazi. Mke akafumba ngumi. Alisema meza ile anaijua. Kila kilichowahi kwenda mezani pale kurekebishwa kwa ajili yake, kilirudi kwa mtu mwingine. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba heri aipeleke ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo sonara alipohisi kwamba pete ikivuka ile barabara, na mke wake atakuwa amevuka nayo kiasi. Mke akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alizunguka kaunta, akapita mbele, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mkono wa kushoto juu ya kile kimto cheusi cha kupimia vidole. Akaivua ile pete, akaiweka kando, akasema apimwe.

Sonara alichukua kishada chake cha pete za kupimia. Akaushika ule mkono. Kumi na nne ilikataa, kumi na tano ikakataa, na alivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kujisikia vibaya, maana kifundo kilikuwa kimevimba na ngozi imekauka kwa dawa ya kusafishia, na kovu la msumeno lilikuwepo pale pembeni ya kidole na yeye hajui ni la lini. Aliuliza. Mke alisema ni la zamani, la mwaka ule walipokuwa na wateja wengi, naye akasaidia kukata. Kumi na saba ikaingia. Sonara alimwambia samahani, kwa sauti ndogo, na haikuwa kwa sababu ya saizi.

"Sasa niandikie bahasha," mke alisema.

Katika duka lile vitu vya kuuza vilikaa kwenye trei, na vitu vya watu vilivyoletwa kutengenezwa vilikaa kwenye bahasha ndogo za kaki zenye jina la mwenyewe. Cha kwenye bahasha hakigusiki. Hata miaka ile ya dhiki, duka limekauka, sonara hakuwahi kuuza kilichomo kwenye bahasha. Akachukua moja. Akaandika jina la mkewe lote, pamoja na la baba yake, kama anavyomwandika mteja yeyote. Chini yake akaandika: kupanua, kumi na saba.

Pete ilikuwa bado haijaingia ndani ya bahasha kijana alipokohoa. Alisema samahani sana mzee, lakini karatasi yake imeandikwa kumi na mbili. Mchumba wake ni kumi na mbili kamili. Na ile pete ndiyo ileile aliyokuwa akiitazama kwenye simu mwezi mzima, na sasa ameiona kwa macho, na mama mwenyewe ambaye ni mtaalamu ameikagua na kuisifu. Angeilipia hapo hapo, na juu yake angeongeza. Mama angeagiziwa nyingine kama hiyo, saizi yake sawasawa, wiki mbili tu.

Ilikuwa hoja nzuri. Hilo ndilo lililokuwa baya: ilikuwa hoja nzuri kabisa, kama zilivyokuwa zote saba zilizotangulia. Pete isingekatwa ili ipanuliwe, kijana angefurahi, mke angepata inayomtosha, na duka lingepata faida kwa mara ya kwanza wiki ile. Mdomo wa sonara ulikuwa umeshafunguka. Bei ilikuwa imeshafika ulimini. Mke hakumtazama. Alikuwa anautazama mkono wake juu ya kimto, akiungoja urudi mtupu kama alivyouzoea.

"Hii ni ya mteja," sonara alisema.

Kijana akasema kwa upole kwamba kwa wiki mbili tu, mteja anaweza kusubiri.

"Ameshasubiri miaka thelathini. Chagua nyingine, mwanangu, nami nitakupunguzia. Au kanunue kwenye simu, wana mawe mazuri."

Akatia pete ndani ya bahasha, akaubandika mdomo wa bahasha kwa ulimi uleule uliokuwa na bei. Mke alipenga kamasi, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akauliza kazi itakuwa tayari lini. Sonara, kwa mazoea, akamwambia apite Alhamisi, siku anayowapa watu wote.

"Nasubiri hapa hapa," mteja akasema, akavuta kiti mpaka karibu kabisa na meza ya kazi, kama wanavyofanya wale wasiomwamini fundi.