Maji ya Moto ya Ghorofani

Ronnie Stansfield, fundi wa mabomba, alikuwa amepiga magoti bafuni kwa binti yake, akifuta vumbi la vigae kwenye ukingo wa bathtabu jipya, alipofungua koki ya maji ya moto ili kusafisha mabomba. Ilikuwa asubuhi ya Januari mjini Keighley, theluji imegeuka tope barabarani. Boila mpya, ile isiyohitaji tangi, inayochemsha maji papo hapo mtu anapofungua koki, ilikuwa imeshatundikwa jikoni, lakini haikuwa na umeme wala gesi. Waya wake ulikuwa bado umeviringwa na kufungwa utepe. Bomba la gesi halikuwa limefika hata mlangoni, maana mwenye nyumba, Bwana Tordoff, alikuwa akivutana na watu wa gesi tangu kabla ya Krismasi.

Koki ilikohoa, ikatema maji ya kutu, yakatakata, kisha yakaja ya moto.

Ronnie aliuacha mkono pale mpaka ukawa mwekundu. Akafunga. Akafungua bomba la mvua, nalo vilevile: maji ya moto, yenye nguvu, mvuke ukapanda na kufunika kioo. Akaenda jikoni kukagua maungio chini ya boila. Hakuna lililovuja. Akamwambia binti yake, Bryony, kwamba kazi imekwisha, imebaki gesi tu.

Bryony alikuwa na mtoto mchanga, Maeve, ambaye kifua kilimkoroma tangu azaliwe. Toka mfumo wa zamani wa maji ya moto ulipokufa alikuwa akimwogesha kwa maji ya birika, ndani ya beseni la kuoshea vyombo. Alichovya kiwiko kwenye maji, akatabasamu, akaanza kumvua mtoto nguo. Hakuuliza moto umetoka wapi. Ronnie naye hakujua aanzie wapi kumwambia.

Koki kuu ya nyumba nzima ilikuwa chini ya sinki la mpangaji wa chini, Cyril Ogden, mzee mjane aliyekuwa dereva wa basi. Ronnie alishuka kwenda kuifungua hadi mwisho. Alimkuta Ogden ameketi karibu na hita ya ukutani, amevaa koti juu ya sweta na kofia ya sufu. Hita ilikuwa inawaka. Ronnie aliigusa, ikamwunguza. Hata hivyo pumzi ya mzee ilikuwa ikitoka kama moshi.

Juu yao maji yalianza kumiminika kwenye bathtabu. Chai mkononi mwa Ogden iliacha kufuka, ikafanya utando, na utando ukawa barafu. Mzee aliupasua kwa kijiko, akanywa.

"Mtoto anaoga," alisema.

Ronnie alimuuliza amejuaje.

"Naona magotini. Ndiko joto linakoanzia kunitoka." Ogden alifuta masharubu. "Umeniunga na mimi humo, kijana."

Ronnie alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini kwa Ogden kila asiye na fimbo alikuwa kijana. Aliwasha tochi, akafuata mabomba chini ya sinki na nyuma ya kabati. Hapakuwa na bomba lolote lililoelekea kwenye kiti cha mzee. Alimwambia hivyo, na Ogden akakubali kwamba hata yeye alilitafuta asilione.

"Marehemu Hilda alikuwa ananibandika miguu mgongoni usiku," alisema. "Akiwaambia watu ameolewa na jiko."

Hakuomba makubwa. Kila Jumapili mchana mpwa wake alimletea sahani ya nyama ya kuoka, na mchuzi ulikuwa ukiganda kabla hajainua uma. Kama huko juu wangeweza kuacha kuoga saa hizo, angeshukuru. Ronnie aliahidi.

Mchana ule alimpigia simu Tordoff na kumweleza yote kwa utaratibu. Tordoff alitaka kuhakikishiwa kwamba maji ni ya moto kweli.

"Sasa gesi ya nini?" akauliza.

Ronnie alisema mzee anaganda.

"Ogden ana miaka themanini, Ronnie. Wazee husikia baridi. Nitampelekea blanketi."

Akampelekea kweli, zito, la sufu safi, na akakaa naye muda mrefu wakizungumzia mabasi ya zamani. Hakuwa mtu mkatili. Wakati wa kuondoka alipanda juu, akanawa mikono kwa maji ya moto, akamuuliza Ronnie kama mabomba ya unene uleule yangefaa katika nyumba yake nyingine kule Bingley.

Ronnie alimweleza binti yake jioni hiyo. Bryony alilia kidogo, na wiki nzima alimwogesha mtoto harakaharaka, yeye akijipangusa kwa kitambaa. Lakini kifua cha Maeve kilianza kufunguka. Muuguzi alimsikiliza mgongoni, akasema chochote mnachofanya, endeleeni. Kuvu nyeusi iliyokuwa imetanda darini ikakauka. Bryony aliporudi kazini, kwenye ghala alikoshinda akiinua maboksi, alianza kujilaza ndani ya bathtabu.

"Nusu saa tu, Baba. Mgongo unakatika."

Ikawa saa nzima. Ikawa hata Jumapili mchana.

Kufunga lile bomba la maji ya moto kusingemchukua Ronnie muda. Mara kadhaa aliishika spana, akaitia kwenye maungio, na kila mara alimsikia Maeve akipigapiga maji na kucheka, akairudisha mfukoni. Siku moja alitoka kuchimbua bomba lililopasuka katika ardhi iliyoganda, vidole havimsikii, akapita kwa binti yake na kuoga. Alisimama chini ya bomba la mvua akiwa amefumba macho. Hakuwa amewahi kuunga maji mazuri kama yale. Alipotoka hakupita kwa Ogden kumsalimu.

Chini mambo yaliendelea. Madirisha ya mzee yaliota barafu kwa ndani, yenye michoro kama majani ya kangaga. Maziwa aliyaweka kando ya kiti chake badala ya kwenye friji, yakakaa vizuri tu. Paka wake alihamia ghorofani, akawa analala juu ya taulo. Mpwa alimletea hita ya pili, na wote waliomtembelea walitokwa na jasho huku yeye akitetemeka katikati yao.

Mwezi wa Machi Bryony alipiga simu kulalamika kwamba maji yamekuwa vuguvugu na mtoto ana sabuni mwilini. Ronnie alikuja na kisanduku chake. Alianza na chujio, akapima nguvu ya maji, akakagua kila ungio, akijua wazi kwamba si huko. Alipotia mkono chini ya bomba la mvua, maji yalikuwa baridi kabisa.

Akashuka, akagonga, akagonga tena, kisha akaingia. Ogden alikuwa kitini, viganja juu ya magoti, kama abiria anayesubiri basi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba kwa baridi aliyonayo amekufa siku nyingi. Ronnie alisema jana tu mzee alisikika akikohoa. Daktari aliandika moyo na siku nyingi.

Baada ya mazishi Bryony aliomba gesi iunganishwe. Tordoff alimwambia asubiri kidogo. Watu kadhaa walikuja kuangalia chumba cha chini, naye akawapokea mlangoni mmoja mmoja, akiwawekea mkono begani. Wembamba aliwaambia chumba kimeshachukuliwa. Akampa Shaun Lumb, mwokaji mikate, jitu la mikono mizito linalolala madirisha wazi hata wakati wa theluji. Siku Shaun alipohamia, maji ya ghorofani yalikuja makali hata Bryony akalazimika kuyachanganya na ya baridi. Hakuitaja tena gesi.

Kabla ya Pasaka Tordoff alimpa Ronnie kazi ya Bingley: bathtabu, bomba la mvua, boila ya papo hapo, ghorofa ya juu. Mpangaji wa chini alikuwa mpishi wa shule, mama mcheshi aitwaye Philippa Thewlis. Alimshikia mlango, akamtania kwamba wamemtuma mzee mmoja na mzigo wa watu wawili, akampa mkono.

Ronnie aliweka boila chini, akavua glavu, akaupokea ule mkono. Ulikuwa wa moto. Akaushikilia kidogo kupita kawaida, kisha akabeba mzigo wake na kupanda ngazi.