Somo la Mawe Mawili

Mwalimu wa sayansi alikuwa amelipika somo lile tangu jana yake. Mkaguzi alikuwa anakuja kuona jinsi wanafunzi wanavyojitafutia majibu wenyewe, na yeye hakutaka kuumbuka. Basi akaligawia darasa maneno: huyu atauliza, yule atabahatisha na kukosea, na binti mpole wa dawati la mbele, waliyemwita Kimya, ndiye atakayegundua.

Siku ikafika. Mawe mawili, zito na jepesi, yakaning'inizwa kwa kamba. Aliyepangiwa kuuliza akauliza: lipi litabembea haraka zaidi? Aliyepangiwa kukosea akakosea vizuri kabisa. Mawe yakasukumwa.

Kamba zikilingana, zito na jepesi hubembea sawasawa. Lakini asubuhi ile, kwa pupa, mwalimu alikuwa amefunga kamba vibaya. Ya jiwe zito ilikuwa ndefu zaidi, nalo likawa linajikokota nyuma ya mwenzake. Kila mwenye macho aliona. Mwalimu mwenyewe aliona. Hata hivyo Kimya akasimama, akasema kama kasuku:

"Yanakwenda sawasawa."

Darasa likapiga makofi kama lilivyofundishwa.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akainama kwenye dawati la Kimya. "Mwanangu, wewe umeyaona yakienda sawasawa?"

Kimya akamtazama mwalimu wake, kisha akatazama chini. "Mimi sijaona, mama. Mwalimu ndiye aliyeona. Jana."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akamshukuru mtoto, akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu. Afadhali angegomba.

Mwalimu alipobaki na darasa, alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nimewakosea," alisema hatimaye. "Nimewafundisha kusema msichokiona. Haya, njooni mtazame wenyewe. Mbona hayaendi sawa?"

Hakuna aliyenyanyuka. Walitazamana.

"Mwalimu," Kimya akauliza, "safari hii nani akosee?"

Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma. Mwalimu akageukia ubao, akajifanya anafuta, ingawa haukuwa na kitu. Akasikia kiti kikiburuzwa. Mtu akanong'ona kwamba kamba hazilingani. Mwingine akabisha: si kamba, ni uzito.

"Basi zifunge zilingane tuone," alisema Kimya.

Wakaanza kubishana kwa sauti, wakinyang'anyana kamba. Mwalimu alisikia yote, kifutio mkononi. Hakugeuka. Hakuwa na uso wa kuwatazama.