Mlango wa Kampuni Mia Nne

Fomu ilirudi mara ya tatu. Shemeji aliitupa juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vipande vya kitambaa, akavua miwani kama mtu anayevua viatu vinavyombana.

"Wamekataa anwani."

Mama Vifungo hakuinua kichwa. Mkono wake ulikuwa umezama ndani ya ovaroli iliyogeuzwa, kidole gumba kikipapasa mishono. Hakuna nguo iliyotoka katika karakana yake bila kugeuzwa ndani nje. Uzuri wa nje, alizoea kusema, hata mwizi anao.

"Uliandika nini?"

"Ninavyoandika siku zote. Nyuma ya posta, mlango wa kijani, uliza Mama Vifungo."

Washonaji waliangua kicheko. Binti wa Mama Vifungo, aliyekuwa akikata makola, naye alicheka bila kuacha mkasi.

"Baba mdogo! Kampuni inasajiliwa ng'ambo, wewe unamwelekeza msajili kama muuza mkaa?"

"Si ndiko tuliko? Au tumehama sijaambiwa?"

Miezi miwili sasa walikuwa wakivutana. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo, mwenye gereji nyingi, alizipenda ovaroli zao, lakini mkataba mrefu hasaini na kampuni ya nje. Fungueni kampuni huku kwetu, aliandika, mambo yatakuwa mepesi. Shemeji, karani mstaafu aliyeitwa Muhuri kwa sababu haamini karatasi isiyogongwa, aliona mlango wa peponi umefunguliwa. Mzigo hautafumuliwa bandarini kukaguliwa. Benki zitajibu barua. Mama Vifungo aliona hesabu za kukaguliwa huku na huko, wakili wa pili, na karatasi za lugha asiyoijua, ambazo angezisaini huku amefumba macho. Kila jioni alirudi nyumbani kachoka, na si kwa kushona.

"Njia mbili zilimshinda fisi," alisema.

"Fisi hakuwa na wakala. Huyu wa kwetu atatukodishia anwani ya hukohuko. Kampuni mia nne zinatumia mlango huohuo mmoja."

Mama Vifungo akautoa mkono ndani ya ovaroli. Ndani ya mfuko wa kila nguo palikuwa na mshono mmoja wa uzi wa rangi: mwekundu wa huyu, wa bluu wa yule. Nguo ikifumuka, hata baada ya miaka kumi, inarudi kwa aliyeishona, naye anaitengeneza bure. Hiyo ndiyo iliyomjengea jina.

"Mtu wa huko akifumukiwa na mfuko, akaupeleka kwenye mlango huo, nani atamfungulia?"

"Hakuna mtu, shemeji. Ni anwani ya karatasi."

"Basi ni uongo wenye namba ya nyumba."

"Nitamfungulia mimi," alisema binti.

Mkasi ulikuwa mezani.

"Fomu inataka mkurugenzi mkazi, mtu anayeishi hukohuko. Niandikeni mimi. Nguo zikirudi nitazipokea, mlango utakuwa na mtu."

Alilisema haraka, bila kukwama, kama jambo alilokwisha kulisema peke yake mara nyingi.

"Unaona!" Shemeji alirudisha miwani usoni. "Mambo yamejipa yenyewe."

"Muhuri, ngoja kidogo." Mama Vifungo alimtazama binti yake. "Kampuni ndiyo inayotaka mtu huko, au wewe ndiye unayetaka huko?"

Binti alikung'uta chaki vidoleni. "Nina miaka thelathini na moja, mama. Tangu nitoke chuo nakata ovaroli. Nikifumba macho naona makola."

"Ungesema."

"Ningesema saa ngapi? Una saa ya kusikia, wewe?"

Mama Vifungo alikaa juu ya robota la kitambaa, jambo ambalo aliwakataza wote.

"Kampuni sifungui," alisema.

"Shemeji, mkataba utatuponyoka!"

"Utaponyoka. Mnunuzi akitaka, atanunua hapa kama alivyokuwa akinunua. Asipotaka, watu wengine pia wanavaa nguo." Akamgeukia binti. "Wewe nenda. Lakini nenda kwa miguu yako, si kwa fomu yangu. Nikikuweka ulinde mlango wangu, siku utakapotaka kazi nyingine, au kurudi, au kuolewa hukohuko, utajiona unaniangusha. Sitaki."

"Na nani atakata?"

"Sasa umeuliza la maana."

Shemeji aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Angekasirika siku tatu. Siku ya nne angekuja kuuliza kama kuna chai.

Mama Vifungo akainuka, magoti yakilia, akabeba jora jipya na kuliweka mezani. Alilisukuma likajikunjua hadi ncha ya pili ya meza.

"Miaka tisa sijakata. Unaanza na nini, mgongo au mikono?"

"Mgongo. Ndicho kipande kikubwa. Lakini kwanza linyooshe, mama, umelivuta upande."

Akalinyoosha. Binti akainama chini ya meza kutafuta chaki, ingawa chaki ilikuwa mezani, akakawia huko.