Jina la Aliyewasha Mbabula

Watu wa bima wana maswali ya upole, na hapo ndipo penye ubaya wao. Mtu akikufokea, unajua pa kusimama. Akikuuliza kwa upole, unafungua mdomo wewe mwenyewe.

Saidati aliketi mbele ya meza ya Théoneste, wakala wa bima, mikono ameifumbata mapajani. Alikuwa mjane, muuza vitenge, wa kuvuka mpaka kwenda Goma asubuhi na kurudi alasiri, kila siku iendayo kwa Mungu. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu nyumba yake ya pale Gisenyi iungue. Zilibaki kuta tu na mabati yaliyojikunja. Marehemu mumewe ndiye aliyeikatia bima, watu wakamcheka, eti analipia moto ambao haujaja. Haya, moto ulikuja. Bima ikikataa, Saidati hana pa kulala ila kwa jirani, na jirani alishaanza kununa.

"Tusome tena maelezo yako, mama," alisema Théoneste. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka kikamtia Saidati hofu. "Unasema uliwasha mbabula mwenyewe, hilo jiko la makaa, ndani, kwa sababu ya mvua. Saa nne asubuhi. Ukatoka kuchota maji, pazia likadondokea makaa."

"Ndiyo vile, bwana. Nilikuwa mi peke yangu."

Uongo mtupu. Aliyewasha mbabula ni shangazi yake, Verediane, bibi wa miaka sabini, aliyefika kutoka Masisi mwezi uliotangulia na viatu visivyofanana, akikimbia vita. Hakuwa na karatasi hata moja. Kila mgeni alitakiwa aandikishwe kwa kiongozi wa seli, yaani mkuu wa mtaa, na Saidati hakumwandikisha. Mwaka ule wa tisini na nane, mgeni wa kutoka ng'ambo asiye na karatasi alichukuliwa kuhojiwa, na siku ya kurudi hakuna aliyekwambia. Jamani, wewe ungefanya nini? Mama yake Saidati alifariki akimzaa. Verediane ndiye aliyembeba mgongoni na kumsomesha kwa kuuza maharage. Hata Saidati aliposilimu kwa ajili ya ndoa, na ndugu wa kanisani wakagoma kuja, Verediane alifika harusini na kuku wawili, akasema wachinjwe kwa namna ya Kiislamu. Mtu kama huyo humtaji.

"Basi, limebaki jambo dogo," alisema Théoneste. "Nipe kitambulisho ninakili namba."

"Kiliungua, bwana."

"Karatasi yoyote yenye jina lako, mradi ina muhuri."

Saidati akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi pekee iliyobaki: ile ya kuvukia mpaka. Iliokoka kwa kuwa siku ya moto alikuwa nayo mwilini. Aliitoa kwa furaha, maskini, amefurahi kuwa na kitu cha kutoa. Ilikuwa tayari mkononi mwa Théoneste ndipo alipokumbuka. 

Théoneste akaikunjua taratibu. Watu wa barieri ndogo, kile kizuizi cha mpakani, unaweza kuwasema kwa mengi, lakini si kwa uvivu wa kupiga mihuri. Siku ya moto ilikuwepo, na saa zimeandikwa kwa kalamu: ametoka saa moja asubuhi, amerudi saa tisa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Saidati iliishia pale mezani.

"Mama, hukuwepo." Hakupandisha sauti. "Moto wa bahati mbaya tunaulipa, hata ukiwashwa na mgeni. Uongo hatuulipi. Nipe jina la aliyekuwa ndani, niandike upya. La sivyo nafunga dosiye, faili lako la madai, leo hii, na hupati kitu."

"Na hiyo jina itaenda wapi?"

"Nakala moja hapa, nyingine komini, kwa wakuu wa serikali. Mimi naandika tu, mama."

Saidati aliitazama kalamu. Aliitaka nyumba yake, tusidanganyane. Aliitaka mpaka meno yakamuuma. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi, jepesi, silabi chache tu, na kila alipolimeza lilirudi. Aliogopa kwamba akikaa dakika moja zaidi litatoka lenyewe.

Mlango ukafunguliwa, hodi ikafuata nyuma. Alikuwa Verediane, aliyeonywa asitoke kabisa kwa jirani, amejitanda kitenge vizuri kama anakwenda misa.

"Ni mi niliwasha mbabula," akamwambia Théoneste, hata kiti hajaonyeshwa. "Huyu mutoto hakukuwa. Andika mi. Nyumba yake wamurudishie."

Théoneste akashika kalamu. "Jina lako, bibi? Na huyu ni nani kwako?"

Verediane akafungua mdomo. Saidati akamuwahi.

"Simujui huyu mama."

Kalamu ikasimama.

"Ni mutu wa kuombaomba pale sokoni," Saidati akaendelea, sauti kavu hata yeye mwenyewe haitambui. "Kichwa yake haiko sawa. Kila nyumba ikiungua, anasema ni yeye. Bwana, funga dosiye. Nilidanganya. Mi nilikuwa Goma, na ndani hakukuwa mutu."

Théoneste akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Pua ilikuwa ileile moja. Hakuuliza zaidi. Aliandika kwamba madai yamekataliwa kwa maelezo ya uongo, akapiga muhuri, akasogeza karatasi, na Saidati akatia sahihi.  Hakuthubutu kuinua macho.

"Unisamehe, bwana," alisema Verediane nyuma yake. "Ni kweli. Kichwa yangu iko mubaya."

Akatoka. Saidati alisimama barazani, kwa maana dirisha la ofisi lilitazama barabara na hawakuweza kuongozana. Alitaka kumkimbilia. Verediane alikuwa anatembea polepole pembeni mwa barabara, na kwa kila aliyepita alinyoosha mkono, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuomba hata chumvi. Mwanaume mmoja wa baiskeli akasimama, akampa sarafu, na Verediane akainamisha kichwa akashukuru.