Subira Alivyosimama Urambo

Shaban Rashidi alikuwa fundi viatu wa Isevya, Tabora mjini, na majirani walimsema kwa ajili ya mbwa. Si kwamba alimwingiza nyumbani. Kila alipomleta mjini kwa mazoezi alimlaza kwenye kibanda nyuma ya ua, na chombo alichokilamba mbwa alikiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa na babu yake. Lakini Isevya ni mtaa wa waungwana, na Mwislamu mwenye mbwa huwapa watu la kusema barazani. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa akiwajibu kwa niaba yake: "Mbwa wa kuwinda anaruhusiwa. Someni."

Mbwa mwenyewe hakuwa wake peke yake. Jina lake Subira, jike la aina ya seta, mbwa wa kunusia ndege, jeupe lenye madoa ya kahawia na manyoya marefu yanayoning'inia miguuni. Mama yake aliletwa na mgeni mmoja, mtaalamu wa tumbaku, ambaye mkataba wake ulipokwisha aliondoka nchini na kumwachia mlinzi wake kitoto kimoja. Mlinzi huyo alikuwa Anakleti Niyokwizera, mkulima wa Ulyankulu, aliyefika pale akiwa mgongoni mwa mama yake, wazazi wakikimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Mkewe Godeliva alimlea yule mbwa kwa maziwa ya mbuzi. Watoto wao watano walikuwa wameshaondoka nyumbani.

Shaban alimwona Subira mara ya kwanza alipokwenda Ulyankulu kutafuta ngozi. Mbwa hakuwa ametimiza hata mwaka. Alikuwa kando ya shamba, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, hatikisiki. Shaban akasogea, akapiga makofi, na kwale wawili wakaruka kutoka kwenye nyasi.

"Huyu kafundishwa na nani?" aliuliza.

"Nani amfundishe?" Anakleti alicheka. "Sisi huku tunajua mbwa wa kubweka tu."

Shaban alijua zaidi ya hapo. Ujanani aliwabebea mikoba wawindaji wa ndege waliokuja Tabora, na kwa miaka mingi aliwatazama mbwa wao wakishindana huku yeye akishika kamba. Hakuna aliyewahi kuliuliza jina lake. Siku ile wakapatana: Subira ataishi Ulyankulu, Shaban atakuja kila Jumamosi kumfundisha, na wiki tatu kabla ya mashindano atamchukua mjini.

Mashindano yenyewe yalifanyika kila mwaka mwezi wa saba, kwenye mbuga iliyo wazi nje ya Urambo, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mbwa huachiliwa wawili wawili. Anayenusa ndege husimama. Mwenyewe hutembea hadi mbele yake, huwarusha ndege, bunduki hulia hewani, na mbwa hatakiwi kuinua hata unyayo mpaka aitwe. Waamuzi hutembea nyuma wakiandika. Mara mbili Subira alishika nafasi ya pili, nyuma ya mbwa wa Masolwa, mfugaji wa Ziba. Shaban alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti yanamuuma. Alijua mwaka huu ndio wake wa mwisho wa kukimbia mbugani.

Wiki moja baada ya kumleta mjini, Subira aliacha kula. Akapata homa. Asubuhi moja Shaban alimwinua kidevu, akaona macho yamefunikwa na utando wa kibuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Alimpeleka kwa Consolatha, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Hakuhitaji muda mrefu.

"Ndorobo," alisema. "Malale ya wanyama, ya kuumwa na mbung'o wa porini huko anakotoka. Nitamchoma sindano, lakini ugonjwa umeshafika mbali. Macho unayaona. Moyo nao umechoka. Apumzike mwezi mzima, mzee. Akikimbia, atakufa."

"Akipumzika atapona?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

Jioni ile Anakleti alipiga simu, kama kawaida yake.

"Mwanangu anaendeleaje?"

Shaban alikuwa amekaa karibu na kibanda. Subira alikuwa amelala, mbavu zikipanda na kushuka. "Mzima," alisema. "Anakuamkia."

Baada ya sindano homa ilishuka, na siku ya nne Subira alikula. Alitikisa mkia. Shaban akajiambia madaktari huongeza chumvi. Mwanahawa alimtazama akimsugua manyoya, akasema, "Mwambie mwenzako," naye akajibu kwamba atamwambia wakionana.

Walionana Urambo, asubuhi ya mashindano. Anakleti alikuja kwa pikipiki ya kukodi akiwa amevaa koti lake la kanisani. Aliita kutoka mbali, na Subira akageuza kichwa, lakini upande usio wenyewe. Ilibidi anuse kwanza ndipo amjue. Alimrukia kifuani. Anakleti alimshika uso.

"Shaban, macho yake yamekuwaje?"

"Vumbi," alisema Shaban. "Mjini siku hizi ni vumbi tupu."

Anakleti alimfuta macho kwa pindo la koti, taratibu, akamwachia.

Subira alipangwa na mbwa wa Masolwa, jozi ya mwisho ya siku. Walipoachiliwa, yule wa Masolwa alikata mbuga kama mshale. Subira hakukimbia hivyo. Alikwenda pua juu, akigonga vichuguu, akijikwaa na kuinuka, akiusoma upepo. Mwamuzi mmoja alinong'ona kwamba mbwa huyu haoni. Mwenzake akamwambia anyamaze aangalie. Mara tatu mbwa wa Masolwa alipita mahali, na mara tatu Subira akaja nyuma yake na kupata ndege walioachwa. Mara ya tatu alisimama mbele ya kichaka cha miiba, mguu juu, mkia umenyooka. Shaban alitembea kumfuata na magoti yake mabovu, na njia ilikuwa ndefu. Mbwa alimngoja. Shaban akakipiga kichaka kwa fimbo, kundi zima la kwale likalipuka, bunduki ikalia, na Subira hakutikisika.

"Njoo," Shaban akamwita. "Njoo, mama."

Hakuja. Mguu ulianza kutetemeka, kisha miguu yote, akalala chini polepole, pua bado imeelekea kule ndege walikoruka.

Masolwa ndiye aliyefika wa kwanza na chupa ya maji. Alimmwagia kichwani, akamtia matone mdomoni, lakini maji yalitoka upande wa pili. Anakleti alifika akikimbia, akapiga magoti, akaweka mkono ubavuni mwake. Aliuacha pale muda mrefu.

Spika ikatangaza kutoka kwenye hema: bingwa wa mwaka huu, Subira, anayeongozwa na Shaban Rashidi wa Tabora. Watu wakapiga makofi, kisha wakanyamaza kidogo kidogo kadiri walivyoona.

"Alikuwa anaumwa," Shaban alisema. "Ndorobo."

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Siku zote nilizokuwa nakupigia?"

"Nilijua."

"Na leo, uliposema vumbi?"

Anakleti alivua koti, akamfunga nalo Subira. Masolwa alitoa gari lake liwapeleke, Anakleti akakataa. Alipanda pikipiki nyuma ya dereva, amempakata, wakaelekea Ulyankulu.

Siku ya tatu Shaban alikwenda ofisi ya waandaaji, akawaambia kwamba alimkimbiza mbwa mgonjwa huku akijua. Wakamfutia ushindi, kombe likaenda Ziba. Isevya walicheka sana. Alifunga duka siku mbili, kisha akapanda basi la Ulyankulu.

Godeliva alimpokea. "Karibu, shemeji," alisema, akamwekea kigoda. Alimwonyesha kaburi, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, udongo bado mwekundu. Anakleti alitoka shambani na jembe begani. Hakuketi.

"Nimekuja kuomba msamaha," Shaban alisema.

"Mbwa wengi hapa wamekufa kwa ndorobo," alisema Anakleti. "Hata mimi nisingemponya. Hilo silo. Ungeniambia, ningekuja mjini, nikakaa naye. Ungenipa hizo wiki mbili." Aligeuka, akarudi shambani, na Shaban akasikia jembe likianza tena, haraka haraka, mahali palipokwisha kulimwa.

Miezi ikapita. Karibu na Idi, kondakta wa basi alimletea Shaban kidumu cha asali kutoka Ulyankulu. Mwanahawa alikifungua, akaonja, akalia. Shaban alipiga simu.

"Anakleti, asali imefika. Ahsante sana, ndugu yangu."

Upande wa pili mbuzi walisikika kwa mbali.

"Ni Godeliva aliyetuma," alisema Anakleti. Alingoja kidogo, kama mtu anayetafuta neno la pili, kisha akakata simu.